Hadithi za jamaa zetu: tuziandike kwa kutafutana, si kwa kufukuzana



Mazungumzo ya leo ni juu ya hadithi za jamaa. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto, anabeba sufuria, pengine anabeba mkeka. Hadithi za jamaa anadhani zitamfuata zenyewe. Hazifuati. Zinabaki kwa mzee, na mzee akifa ugenini anazikwa nazo.

Zamani Wanande walitunza mambo hayo katika kyaghanda, penye moto, mahali wazee walipokata maneno na vijana wakasikiliza. Akina mama nao walihadithia jikoni, na mara nyingi wao ndio wanaojua nani aliolewa wapi. Hata majina yalisaidia. Mtoto mwanamume wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Binti wa kwanza ni Masika. Lakini mbele ya orodha ndefu ya wahami majina hayo hayatoshi, kwa sababu akina Kambale ni wengi mno. Ili umpate Kambale wako, lazima ujue baba yake ni nani, mama yake ni nani, ni wa ukoo gani, ametoka kilima gani. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuandika: waliotawanyika wapate kutafutana.

Faida ya pili ni kujijua. Wazee wanasimulia kwamba mababu walitoka mashariki, upande wa Bunyoro, wakavuka mto Semliki, wakapanda milima. Koo zao, Waswagha, Washu, Watangi, Wamate na nyingine, tunazisikia hata leo katika majina ya sheferi za Beni na Lubero. Ndugu zao Wakonjo wako upande wa pili wa Ruwenzori. Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mipaka, na watu wa damu moja wakawa chini ya serikali mbili.

Lakini simulizi hilohilo lina sehemu ambayo wengi wanairuka. Mababu hawakukuta nchi tupu. Msituni walikuwamo Wambuti na watu wengine. Ukiuliza vizuri, utakuta kwamba babu wa ukoo alifika akiwa mgeni, na kwamba yuko mtu aliyempokea.

Wala kuhamishwa hakukuanza jana. Mwaka 1925 Wabelgiji waliunda Parc Albert, ambayo leo ni Parc ya Virunga. Baadaye waliipanua mpaka bonde la Semliki, na katika miaka ya 1930 watu waliondolewa bondeni, ugonjwa wa malale ukiwa sababu mojawapo. Kijana aliyekimbia mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014, akiwauliza wazee wake, anaweza kukuta kwamba babu yake naye aliacha shamba na kaburi la baba yake, akaanza upya penye watu asiowajua.

Sasa tusikie upande wa hatari. Katika miaka ya 1950, ng'ambo ya Ruwenzori, mwalimu Isaya Mukirane na wenzake waliunda chama cha kukusanya historia ya Wakonjo. Walikuwa na uchungu wa kweli, maana walitawaliwa na ufalme wa Toro na lugha yao haikuheshimiwa. Kutoka katika kazi hiyo ya kuuliza wazee kulizaliwa siasa ya Rwenzururu, na tangu 1962 ikawa vita vya miaka mingi milimani. Silaha ziliwekwa chini mwaka 1982, na serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009 tu. Hatusemi kwamba kuandika kulileta vita. Tunasema kwamba historia ya ukoo ina nguvu, na mwenye kuishika aishike kwa akili.

Kwetu pia tumeona. Sheria ya 29 Juni 1981 ilisema raia ni mtu ambaye mzazi wake wa zamani alikuwa wa kabila lililokaa katika nchi kwa mipaka ya tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani kati yetu ana karatasi ya mwaka ule? Basi hadithi za mababu zikavutwa katika siasa, ili ijulikane nani mwenyeji na nani mgeni. Sheria ya 12 Novemba 2004 iliiacha tarehe hiyo na kutazama wakati wa uhuru, 1960. Tusiirudishe ile ya 1885 kwa mlango wa nyuma, ndani ya madaftari yetu.

Basi tuandike namna gani? Andika jina la anayesimulia, mahali na tarehe. Wazee wawili wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili, usichague. Andika ukoo wa mama kama wa baba. Andika jina la kilima, la mto, la njia mliyopita. Na usisahau kumwandika aliyekupokea, hata kama si wa kabila lako, maana wajukuu watataka kujua nani aliwapa wazazi wao chumba. Kumshitaki mtu kwa mauaji usikufanye daftarini. Peleka kwa hakimu. Kisha nakili mara mbili, na nakala moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Daftari si cheti cha shamba. Kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na hadithi ya babu haimtoi jirani nyumbani mwake. Lakini daftari linasaidia mtoto. Kuzaliwa kwake kutangazwe ofisini katika siku 90. Zikipita, inatakiwa hukumu ya mahakama, na hapo tarehe, majina ya wazazi na majina ya mashahidi yaliyoandikwa mapema yana kazi kubwa.

Wakubwa wa mitaa, tunawaomba jambo moja. Madaftari haya yakifika mikononi mwenu, msiyafanye mizani ya kupima nani ana haki ya kukaa. Yatumieni kuunganisha mtoto na shangazi yake.

Leo jioni, kila nyumba imuulize mzee mmoja swali moja: ulipofika hapa, nani alikupokea? Jibu liandikwe kabla ya kulala.

Mbaki na amani.