Wana wa Seyyid Said na Kiti cha Unguja

Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja kwa miaka 50, alizaa wana wengi na hakuacha utaratibu wa kurithiana uliokubaliwa nao wote. Mkewe mkuu, Bibi Azza binti Seif, hakujaliwa mtoto. Waliogombea kiti baadaye walikuwa watoto wa masuria wa Kijojia, wa Kicherkesi na wa Kihabeshi, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ana haki sawa na ndugu zake wa baba mmoja. Kwa hiyo hakuna mwana aliyekuwa mbele ya wengine kwa ajili ya mama yake. Kilichombeba mmoja na kumwangusha mwingine kilikuwa radhi ya baba.

Ukoo wa Al Busaidi haukuwa na desturi ya kumpa kiti mwana wa kwanza. Said mwenyewe hakukipata kwa wasia. Baba yake aliuawa mwaka 1804, naye akiwa kijana akajikuta chini ya kivuli cha binamu yake Badr bin Seif, aliyeshika mambo ya Maskati kwa jina la watoto wa marehemu. Mwaka 1806 Said alimuua Badr, na hapo ndipo utawala wake ulipoanza kweli. Kaka yake Salim alibaki mtawala mwenza kwa jina tu mpaka alipokufa mwaka 1821. Wana wa Said walikua wakiijua habari hiyo, na ni vigumu kuamini kwamba hawakujifunza kitu.

Said alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na kidogo kidogo akahamishia huko moyo wake, makao yake na mali yake. Aliporudi Omani kutuliza mambo ya makabila, kisiwa alimwachia mwanawe Khalid, aliyekuwa bado mdogo. Thuwaini, aliyezaliwa mwaka 1821, alibaki Maskati kama naibu wa baba. Mkubwa wao wote, Hilal, hakupewa fungu la kudumu upande wowote, ingawa Waarabu wengi walimpenda na watu walimtazamia kuwa mrithi.

Kisa cha Hilal ndicho kinachouma kuliko vyote. Dada yake Salme, aliyeandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani na kuzichapisha mwaka 1886, anasimulia kwamba Hilal alinaswa na ulevi, na kwamba baba yake alimfunga na kumwadhibu bila kupata dawa ya tatizo hilo. Khole, binti aliyekuwa kipenzi cha baba kati ya mabinti wote, alimpenda sana kaka huyu na alimwombea. Maombi hayakufua dafu. Ulevi ulikuwa aibu kubwa katika nyumba ya mtawala wa Kiislamu, na hasira ya baba ina sababu yake. Lakini Said hakuishia kwenye adhabu. Mwaka 1844 alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kumjulisha kwamba baada yake Khalid atatawala nchi za Afrika na Thuwaini atatawala Omani. Jina la Hilal halikuwamo.

Barua hiyo ilikuwa na uzito kuliko mwandishi wake alivyokusudia. Alitaka Waingereza wautambue uamuzi wake, maana balozi wao, Atkins Hamerton, alikuwa ameshakaa Unguja tangu 1841 na manowari zao zilitawala bahari. Lakini kwa kupeleka jambo la nyumbani London, baba aliwaonyesha wanawe mlango wa kubisha. Wa kwanza kuubisha alikuwa Hilal mwenyewe. Mwaka 1845 alisafiri hadi London kulalamika kwamba amenyimwa haki yake. Wakuu wa huko walimpokea kwa heshima, wakamrudisha na ushauri kwamba baba amsamehe. Msamaha ulipatikana, ila haukudumu. Hilal alifukuzwa tena, akafia Aden mwaka 1851, mbali na Maskati alikotoka na mbali na Unguja aliyoitamani.

Khalid, aliyependelewa, naye hakuishi kukifaidi kiti. Alikuwa mtu aliyewapenda Wafaransa na mambo yao, hata shamba lake kisiwani akaliita Marseille, jina lililokuja kusikika tena katika historia hii. Baba alikwenda Omani mwaka 1854 akamwachia madaraka, na mnamo Novemba mwaka huohuo Khalid akafa kwa kifua kikuu. Said, akiwa bado Omani, akamchagua Majid.

Uteuzi huu ulifungua jeraha jipya. Majid, aliyezaliwa mwaka 1834, alikuwa mpole na mkarimu, lakini afya yake ilikuwa dhaifu kwa sababu ya kifafa. Nyuma yake alikuwapo Barghash, mdogo wake kwa miaka mitatu hivi, mkali wa akili na mwenye kiburi cha mtu anayeamini kwamba kiti kimeangukia mikono isiyokifaa. Baba aliondoka Unguja pamoja na Barghash, na Barghash ndiye aliyekuwa kando yake walipokuwa wakirudi mwaka 1856.

Tarehe 19 Oktoba mwaka huo Seyyid Said alifariki ndani ya manowari yake Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli. Desturi ya mabaharia ilikuwa kuizika maiti baharini, lakini Barghash aliihifadhi na kufika nayo Unguja. Alishuka usiku, akamzika baba kwa siri, kisha akajaribu kuishika Ngome kabla mji haujajua kwamba mtawala amekufa. Jemadari wa Mabulushi aliyeilinda Ngome alikataa kumfungulia. Kulipopambazuka, siri ilikuwa imeshavuja na nafasi imempita, na Majid akatawazwa. Mwana aliyemfumba baba macho ndiye aliyejaribu kuupindua uamuzi wa baba huyohuyo kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Majid alirithi karafuu, forodha na bandari, yaani sehemu iliyonona. Thuwaini alibaki na Omani yenye makabila yasiyotulia na hazina nyembamba, na aliliona jambo hilo kama dhuluma. Ili kumridhisha, Majid alikubali kumpa riale 40,000 kila mwaka. Punde ugomvi ukazuka juu ya maana ya fedha hizo. Maskati ilizihesabu kuwa kodi ya nchi iliyo chini yake. Unguja ilizihesabu kuwa hisani ya ndugu, na malipo yakakatika. Mwanzoni mwa 1859 Thuwaini aling'oa nanga na merikebu zake ili akaichukue Unguja kwa nguvu. Serikali ya Kiingereza ya Bombay ikamtumia manowari, akageuzwa njiani kabla hajafika mbali na pwani ya Omani.

Barghash hakungoja kaka huyu afike. Kwa kuungwa mkono na baadhi ya Waarabu wakubwa, hasa wa kabila la Al Harthi, alipanga kumpindua Majid. Ugomvi ukaingia ndani ya majumba ya kina mama. Khole alikuwa upande wa Barghash, na Salme akamfuata Khole. Salme ndiye aliyekuwa akiwaandikia waasi barua zao, kwa kuwa alijifunza kuandika katika zama ambazo wasichana wa nyumba zile hawakufundishwa. Kwake uchungu ulikuwa wa pande mbili, maana utotoni Salme na mama yake walikaa nyumba moja na Majid, na Majid alikuwa kaka wa kumpenda. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa mnamo Oktoba 1859, dada hao wawili walimtoa akiwa amejifunika nguo za kike, akapita katikati ya walinzi hadi shamba.

Alikokimbilia kulikuwa Marseille, shamba la marehemu Khalid, lililokuwa sasa mikononi mwa mabinti zake. Waasi waliligeuza boma. Jeshi la Majid, likisaidiwa na askari wa majini wa Kiingereza walioletwa na balozi Christopher Rigby, lililishambulia na kuliharibu, na Barghash akarudi mjini kwa siri usiku. Alipolenga kujificha nyumbani kwake, Waingereza waliimiminia risasi mpaka akasalimu amri. Alipelekwa Bombay, na mdogo wake Abdul Aziz, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akaenda naye uhamishoni. Majid aliwasamehe dada zake. Wanaosoma kitabu cha Salme wanaweza kuona jinsi msamaha huo ulivyomtesa kuliko adhabu.

Ugomvi wa urithi ukaenda mbele ya Lord Canning, gavana mkuu wa Uhindi. Uamuzi wake wa tarehe 2 Aprili 1861 uligawa rasmi milki ya Said: Unguja na nchi zake za Afrika kwa Majid, Omani kwa Thuwaini, na riale 40,000 kila mwaka kutoka Unguja pamoja na riale 80,000 za malimbikizo ya miaka miwili. Fedha zilitajwa waziwazi kuwa ni za kusawazisha fungu lisilolingana na fungu lingine, na si dalili ya Unguja kuwa chini ya Omani. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa nchi zote mbili. Kile ambacho Said alikigawa kwa mapenzi na machukizo yake sasa kilikuwa na muhuri wa wageni.

Thuwaini aliuawa Sohar mwaka 1866 na mwanawe Salim. Mwaka huohuo Salme, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, aliitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Majid alikufa Oktoba 1870 bila mwana wa kiume. Barghash, aliyekuwa amesharudishwa kutoka Bombay, akapata kiti alichokililia kwa miaka 14, akakikalia hadi 1888. Salme aliporudi mwaka 1885 kudai sehemu yake ya urithi, Barghash alikataa kumpokea dada aliyewahi kumvusha katikati ya walinzi.

Baada yake walifuata Khalifa na Ali, wana wengine wa Said, kisha Hamad, mwana wa Thuwaini. Hamad alipofariki Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliingia ikulu kwa nguvu kama baba yake alivyotaka kufanya mwaka 1856. Mizinga ya Kiingereza iliipiga ikulu kwa muda usiofika saa moja, Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na kiti akapewa Hamud, mwana wa Muhammad, yule mwana wa Said aliyependa ibada na hakuwahi kugombea chochote. Mwana wa Hamud, Ali, alijiuzulu mwaka 1911. Aliyemrithi alikuwa Khalifa bin Harub, mjukuu wa Thuwaini aliyegeuzwa njiani mwaka 1859. Khalifa alitawala Unguja mpaka 1960, na mjukuu wake Jamshid ndiye aliyekuwa juu ya kiti asubuhi ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964.