Namna ya kupunguza esansi ambayo gari inakula kila siku

Kwa shofere wa taksi anayefanya njia ya Butembo–Beni, mafuta ndiyo yanakula franga za kwanza. Asubuhi anatia esansi, jioni anamrudishia mwenye gari franga walizopatana, na kile kinachobaki ndicho anapeleka nyumbani. Bei ya litri haiko mkononi mwake. Sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa Beni na Butembo inaingilia Kasindi, ikipitia Uganda kutoka bandari za Afrika ya Mashariki. Barabara ikiharibika ao gharama zikipanda huko njiani, bei ya hapa inafuata. Kitu ambacho shofere anaweza kusimamia yeye mwenyewe ni kiasi ambacho gari yake inakula.

Hesabu yake si ngumu. Gari inayokula litri 10 kwa kilomita 100, ikitembea kilomita 150 kwa siku, inachoma litri 15. Shofere akipunguza sehemu moja tu juu ya kumi, anabakia na litri 1 na nusu kila siku. Akitumika siku 26 kwa mwezi, hiyo ni litri 39. Hizo ni franga za masomo ya mtoto ao za pine ya kubadirisha.

Mafuta yanaishia wapi

Motere ya esansi inageuza kama robo ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, ao theluthi kama motere ni nzuri. Ile ingine yote inatoka kama joto kwa njia ya radiatere na eshapema. Kile kidogo kinachofika kwenye mapine ndicho kinasukuma uzito wa gari, kupambana na upepo, na kushinda ugumu wa njia.

Sasa, kila mara shofere anakanyaga freni, ule mwendo ambao alikwisha kulipa unageuka kuwa joto kwenye freni. Kiisha anakanyaga akseleratere ili aununue mara ya pili. Ndiyo maana mashofere wawili wanaweza kupeana gari moja, njia moja na wasafiri wa hesabu moja, lakini jioni mmoja amechoma mafuta mengi kuliko mwenzake.

Mguu wa shofere

Wizara ya Nishati ya Marekani inaonyesha kwamba kuendesha kwa fujo, ni kusema kuondoka kwa nguvu, kukimbia na kufunga freni ghafla, kunapunguza kilomita ambazo gari inafanya na litri moja kwa asilimia 10 mpaka 40 pale gari inasimama-simama, na asilimia 15 mpaka 30 kwenye barabara kubwa ya mwendo. Hakuna dawa ya kutia katika tanki inayoweza kushinda hiyo.

Kwa njia zetu, maana yake ni kuangalia mbali. Shofere anayeona shimo, mbuzi, barieri ao moto iliyosimama mita 100 mbele, anatoa mguu kwenye akseleratere mapema na kuacha gari ipunguze mwendo yenyewe. Yule anayeiona mita 20 mbele hana njia ingine isipokuwa freni. Tena, kwenye udongo wenye mashimo, mwendo wa polepole usiobadirika unakula kidogo kuliko kukimbia mita 50 na kusimama.

Kuhusu vitesi, motere isilie. Ukiondoka, panda vitesi mapema, mara tu gari inakubali kuvuta bila kutetemeka. Lakini usiilazimishe kupanda mlima na vitesi ya 4 wakati inakohoa. Hapo inakula bure na kuumia. Shusha vitesi moja, isukume vizuri.

Kwenye mteremko, usitie pwemo

Hii ndiyo tabia inayopendwa sana na mashofere wa milima yetu, tena ndiyo ya hatari kuliko zote. Gari ikifika juu, shofere anaondoa vitesi, ao anazima motere kabisa, na kuacha gari iteremuke na uzito wake. Anaamini kwamba anachunga mafuta.

Kwa gari za enjeksio, na hizo ndizo nyingi kati ya zile zinazotoka Japani, mambo ni kinyume. Gari ikiteremuka ndani ya vitesi, mguu ukiwa umetoka kwenye akseleratere, kompyuta ya motere inakata esansi. Mapine ndiyo yanazungusha motere, na kwa muda huo inakula karibu sifuri. Ukitoa vitesi, motere inakosa kitu cha kuizungusha. Inabidi ichome esansi ili isizime. Kwa hiyo yule wa pwemo anakula zaidi ya yule aliyeacha vitesi. Kwa gari za zamani za karburatere, esansi haikatiki kabisa namna hiyo, lakini faida ya pwemo inabaki ndogo sana mbele ya hatari yake.

Hatari yenyewe ni hii: bila vitesi, motere haisaidii kuzuia gari, na freni zinabeba uzito wote peke yake. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto mpaka zinakataa kushika. Na kama motere imezimwa, freni zinabakia na msaada wa kukanyaga mara chache tu, kisha zinakuwa ngumu kama jiwe. Usukani pia unakuwa mzito, na ukikosea kuzungusha ufunguo, unaweza kujifunga. Gari iliyojaa watu na magunia haina namna ya kusimama hapo.

Kwa gari otomatiki, acha D. Mteremko ukiwa mkali, weka 2 ao L ili motere izuie. N si ya kuteremukia.

Kusimama huku motere inazunguka

Kwenye parkingi, shofere anangoja wasafiri nusu saa, motere inazunguka, redio inalia. Motere ndogo inaweza kuchoma kati ya nusu litri na litri 1 kwa saa moja bila kusogea hata mita. Kama utasimama zaidi ya dakika moja hivi, zima. Isipokuwa pale stata ao batri ni mgonjwa, na hapo ni batri ya kutengeneza kwanza. Asubuhi vilevile, hakuna haja ya kupasha motere dakika 10. Baada ya muda mfupi, ondoka polepole. Itapata joto ikitembea.

Pine, mzigo na garaji

Pine yenye upepo kidogo inalala chini, na gari inakuwa sawa mtu anayetembea ndani ya potopoto. Kurudisha upepo wa kutosha kunaweza kuokoa mpaka asilimia 3 ya mafuta, na pine yenyewe inaishi zaidi. Kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa pembeni ya mlango wa shofere. Kwa gari za Japani maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini tafuta namba kama 220 kPa: hiyo ni bari 2,2. Pima asubuhi, mapine yakiwa baridi. Kama ulipunguza upepo ili upite kwenye potopoto, kumbuka kuurudisha.

Kuhusu uzito, kila kilo 45 za kuongeza zinapunguza kilomita za gari kwa karibu asilimia 1. Msafiri na gunia lake wanalipa, hao si shida. Shida ni vitu vinavyotembea bure: vyuma vya zamani ndani ya koferi, bidoni za maji, pine mbili za akiba. Galeri ya juu pia inashika upepo hata kama haina kitu. Kama hautaitumia wiki nzima, itoe.

Kwa garaji, angalia kwanza mambo haya:

- Filtre ya hewa. Kwa vumbi la kiangazi inaziba haraka. Gari ya enjeksio inapoteza nguvu zaidi kuliko mafuta. Ya karburatere inakula zaidi, na inatoa moshi mweusi.
- Buji. Zikizeeka, esansi ingine inatoka bila kuungua.
- Taa ya motere inayowaka kwenye tablo. Usiizibe na skochi. Kifaa kinachopima hewa ya eshapema kikikufa, gari inaweza kula mpaka asilimia 40 zaidi.
- Freni inayoshika bila kukanyagwa. Baada ya safari, peleka mkono karibu na kila pine bila kugusa chuma. Ile yenye joto kupita zingine ina freni inayojifunga.
- Mafuta ya motere. Tia aina ile ambayo gari inaomba. Mazito kupita kiasi yanafanya motere ijikaze.

Esansi ya kadafi

Bidoni ya barabarani inasaidia usiku ao pale stesheni zimefunga. Lakini kipimo kinaweza kuwa pungufu, na esansi inaweza kuchanganywa na maji ao petroli ya taa. Motere inayogonga wakati wa kupanda, muda mfupi kiisha kutia mafuta, inatoa ushuhuda. Ukilazimika, nunua kwa mtu unayemfahamu na uangalie kama haina maji chini ya chupa.

Kujua gari inakula ngapi

Bila kupima, mtu anabaki na kudhani. Jaza tanki mpaka juu, andika kilomita zilizo kwenye tablo. Tumika siku mbili tatu, kisha jaza tena mpaka pale pale na uangalie litri zilizoingia. Litri 22 kwa kilomita 200 ni litri 11 kwa kilomita 100. Kama tablo imekufa, hesabia njia moja unayojua urefu wake, tena ile ile kila mara.

Kumbuka pia kwamba Butembo iko juu kuliko Beni. Safari ya kurudi inapanda, kwa hiyo inakula zaidi. Pima kwenda na kurudi pamoja, la sivyo hesabu itakudanganya.

Njia nzuri ni kupima wiki ya kwanza ukiendesha kama kawaida. Wiki ya pili badirisha mguu tu: kuangalia mbali, kuacha vitesi kwenye mteremko, kuzima kwenye parkingi. Wiki ya tatu rekebisha upepo wa mapine na kwenda garaji. Kwa namna hiyo shofere ataona ni kitu gani kinamrudishia franga, na atakuwa na namba za kumuonyesha mwenye gari siku anapoomba buji mpya.