Siku Moja Edgbaston: John Nagenda na Suala la Mechi ya Pili

Utangulizi

Katika muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la utungaji: kila mmoja aandike taarifa ya mchezo kama ambavyo ingesomwa redioni. Wengi wao, wakiwa wenyeji wa Kasese na Bwera, waliandika juu ya kandanda. Kazi zao zilikwenda vizuri kwa sababu Kiswahili cha kandanda wanakisikia kila siku, kikiwemo kile kinachovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo. Mmoja tu alijaribu kriketi. Alikuwa amesikia kwamba Uganda ilicheza Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 2024, akafungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta maneno. Kamusi ikampa "nyenje" kwa jina la mchezo na "popo" kwa kifaa cha kupigia. Taarifa yake ikajaa wadudu na wanyama wa usiku.

Darasa lilicheka, nasi tukacheka. Lakini baada ya kicheko mwanafunzi huyo aliuliza: "Mwalimu, kwani zamani hakuna Mganda aliyewahi kurusha mpira huu, ili tusome habari zake kwa Kiswahili?" Makala hii ni jibu letu. Mganda huyo alikuwapo, na cha ajabu ni kwamba alikuwa mwandishi.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu mchezo huu, tueleze mambo machache. Timu moja hupiga na nyingine hurusha. Mrushaji huurusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa, yaani wiketi. Mpigaji husimama mbele yake akiulinda kwa gongo bapa la mti. Akiupiga mpira, hukimbia na kuipatia timu yake mikimbio. Mpira ukiangusha wiketi, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji hutoka, na mrushaji huhesabiwa wiketi moja. Mirusho sita ya mrushaji mmoja huitwa ova. Warushaji wengine huuzungusha mpira polepole ili kumhadaa mpigaji. Wengine hutoka mbio mbali na kuuachia kwa nguvu. Hawa wa pili ndio warushaji wa kasi, na ndio tunaowazungumzia hapa.

Mwanzo wa Imran Khan

Ili tuelewe habari ya Mganda wetu, tuanze na mtu ambaye wengi wanamfahamu kwa sababu nyingine. Imran Khan aliyekuwa Waziri Mkuu wa Pakistan kuanzia 2018 hadi 2022 alikuwa kwanza mrushaji wa kasi. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ilianza tarehe 3 Juni 1971 katika uwanja wa Edgbaston, mjini Birmingham, Pakistan ikicheza na Uingereza. Ilikuwa mechi ya Testi, yaani ile ndefu ya siku tano. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Mwanzo huo haukuwa na sifa yoyote. Timu yake ilipata mikimbio 608, na Zaheer Abbas peke yake alipata 274, lakini Imran alitoka akiwa na mikimbio 5 tu. Katika kurusha, Waingereza walipiga mara mbili naye hakupata wiketi hata moja. Hakuchezea tena Pakistan mechi ya Testi hadi mwaka 1974.

Je, aliishia hapo? La. Alibaki Uingereza, akachezea Worcestershire na Chuo Kikuu cha Oxford, akajifunza kuutawala mwendo wa mbio zake na mkono wake. Mnamo Januari 1977, huko Sydney, alipata wiketi 12 katika mechi moja dhidi ya Australia. Alipostaafu alikuwa amecheza mechi 88 za Testi na kupata wiketi 362, na mwaka 1992 akiwa nahodha aliiletea Pakistan Kombe la Dunia. Ukiangalia siku yake ya kwanza peke yake, hutaona dalili ya hayo yote. Kilichomjenga ni mechi ya pili, ya kumi na ya mia.

Mwanzo wa John Nagenda

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Juni 1975, katika uwanja uleule wa Edgbaston, alisimama mrushaji mwingine anayeanza. Huyu ni John Nagenda. Alizaliwa Gahini, Rwanda, mwaka 1938. Baba yake, William Nagenda, alikuwa mmoja wa wahubiri mashuhuri wa uamsho wa Balokole, na Gahini ilikuwa chimbuko la uamsho huo. Mwana alisoma King's College Budo, shule iliyokuwa na mapokeo ya kriketi, kisha Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa wasomaji wa fasihi ndiye mtunzi wa Mukasa (1973), kitabu cha watoto, na riwaya ya The Seasons of Thomas Tebo (1986).

Siku hiyo ya Juni ilikuwa ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume. Timu zilikuwa nane. Mojawapo iliitwa Afrika Mashariki, ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, chini ya nahodha Harilal Shah. Wengi wao walikuwa wa asili ya Kiasia. Waafrika weusi walikuwa wachache, wakiwemo Waganda wawili, Nagenda na Sam Walusimbi. Mechi ilikuwa ya ova 60 kila upande, dhidi ya New Zealand.

New Zealand walianza kupiga. Glenn Turner alisimama tangu mwanzo hadi mwisho na kupata mikimbio 171 bila kutolewa. Jumla yao ilifika 309 kwa wiketi 5. Nagenda alirusha ova 9, mojawapo bila kutoa mkimbio hata mmoja, akatoa mikimbio 50 kwa jumla na kupata wiketi moja: aliviangusha vijiti vya Ken Wadsworth, mlinda wiketi wa New Zealand. Afrika Mashariki ilijibu kwa mikimbio 128 tu, wiketi 8 zikiwa zimeanguka, ikashindwa kwa mikimbio 181.

Timu ilicheza mechi mbili zaidi, na India kisha Uingereza, ikashindwa zote. Nagenda hakupangwa tena, na hakucheza mechi nyingine ya kimataifa ya siku moja maishani mwake. Mwanzo wake na mwisho wake vilikuwa siku moja. Tunapomlinganisha na Imran tunaona jambo la kushangaza: katika siku yake ya kwanza Edgbaston, Mganda alipata wiketi moja zaidi ya Mpakistani.

Kwa nini hapakuwa na mechi ya pili?

Hatusemi kwamba Nagenda alikuwa sawa na Imran. Siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 37, zaidi ya mara mbili ya umri wa Imran alipoanza, na kasi ni mali ya ujana. Lakini umri huo nao ni sehemu ya hoja yetu. Miaka ambayo mrushaji hukomaa, yaani baina ya 18 na 30, ilimpita kabla ya kuwapo kwa mashindano ambayo timu ya kwetu ingealikwa. Mechi za Testi zilikuwa za mataifa machache, na Afrika Mashariki haikuwemo.

Aidha, msingi wa mchezo nyumbani ulikuwa umetikiswa. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Hapa Kasese jambo hilo si geni: reli ilipofika mwaka 1956 pamoja na machimbo ya shaba ya Kilembe, wafanyabiashara wa Kiasia nao walikuwapo mjini, na wazee wanakumbuka maduka yao yalivyofungwa. Kwa kriketi hasara ilikuwa kubwa kwa namna ya pekee, kwa kuwa vilabu, viwanja na makocha vilitegemea sana jamii hiyo. Mchezo ulibaki mikononi mwa shule chache.

Wapo watakaosema kwamba timu iliyoshindwa mechi tatu haikustahili nyingine. Kenya inatupa jibu. Ilijitenga na timu ya Afrika Mashariki mwaka 1981, ikashiriki mashindano ya kufuzu tangu 1982, ikashindwa mara kwa mara, hatimaye ikafuzu. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, India, iliishinda West Indies kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93, na mrushaji wake wa kasi Rajab Ali alipata wiketi 3 kwa mikimbio 17. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Penye mechi ya pili, watu wa kwetu walifika.

Lugha na lango

Suala hilohilo la lango limo katika taaluma yetu. Mnamo Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Afrika, na Nagenda, akiwa kijana, alikuwemo. Sharti la kuingia lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na kiti kwa sharti hilo, jambo ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o alilikumbusha miaka mingi baadaye. Hivyo Nagenda alikuwa ndani ya lango moja, la lugha, na nje ya lango jingine, la uwanja.

Sisi walimu tusiwe walinzi wa lango la tatu. Mwanafunzi aliyeandika "nyenje" na "popo" hakukosa akili, alikosa matini. Waandishi wa michezo wa Kenya wamekwisha kutumia kriketi, wiketi, ova, mikimbio, mrushaji na mpigaji, na maneno haya yanatosha kuanzia. Neno huzoeleka kwa kutumika katika habari yenye watu na matukio. Orodha ya istilahi iliyobandikwa ukutani haifanyi kazi hiyo.

Hitimisho

John Nagenda alifariki mwezi Machi 2023. Novemba ya mwaka huohuo Uganda iliishinda Zimbabwe huko Windhoek, kisha ikafuzu Kombe la Dunia la ova 20. Tarehe 5 Juni 2024, huko Guyana, iliishinda Papua New Guinea baada ya kuwatoa wote kwa mikimbio 77. Frank Nsubuga, mrushaji wa polepole mwenye umri wa miaka 43, alipata wiketi 2 kwa mikimbio 4 tu. Na kijana Juma Miyagi, mrushaji wa kasi, alipata wiketi 2 kwa mikimbio 10. Siku chache baadaye New Zealand, walewale wa mwaka 1975, waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 40.

Tunawaomba walimu wasomaji wetu wasiifiche namba hiyo ya mwisho wanapoifundisha habari hii darasani. Imran alianza bila wiketi. Nagenda alianza na moja, na mlango ukafungwa. Miyagi ameanza na mbili. Mwanafunzi wetu wa Bwera tumemrudishia daftari lake, tukamwomba aiandike upya taarifa yake, safari hii akianzia Edgbaston.