Pudini ya Rojo

Mswahili akisikia "pudini" hutazamia kijiko kidogo na kitu kitamu: maziwa, mayai, sukari, pengine na iliki. Pudini ya Yorkshire, chakula cha kaskazini mwa Uingereza, haitiwi sukari hata chembe. Huandaliwa Jumapili mchana, imekaa sahanini pembeni ya nyama ya ng'ombe iliyookwa, na humiminiwa mchuzi. Mfasiri akiandika "pudini" na kuishia hapo, msomaji atakiweka chakula hiki kwenye kitindamlo.

Kiingereza chenyewe kimechangia mkanganyiko huo. Zamani neno hilo lilitaja utumbo wa mnyama uliojazwa nyama na kuchemshwa, na hadi leo Waingereza huita soseji ya damu "pudini nyeusi". Utamu ulikuja baadaye. Kwa hiyo hatuna sababu ya kulitupa neno "pudini". Linahitaji tu kivumishi cha kulielekeza, na kivumishi hicho kitoke kwenye kile kinachomiminwa chomboni.

Kile kinachomiminwa ni unga, mayai, maziwa na chumvi vilivyopigwa pamoja hadi madonge yaishe. Si kinyunya, maana kinyunya hukandwa kwa mkono. Baadhi ya vitabu vya mapishi huandika "mchanganyiko", neno linalofaa saruji sawasawa na linavyofaa keki. Mimi nachagua "rojo". Najua lina kasoro: mchuzi wa rojo ni mchuzi mzito, na aliyewahi kunywa urojo wa Zanzibar anajua uzito huo, ilhali rojo la pudini hii ni jepesi, linatiririka kama maziwa ya mtindi yaliyopigwa. Basi tuseme "rojo jepesi" panapohitajika. Hata hivyo mpishi akiambiwa "piga rojo" hatauliza mara mbili.

Kwa nini tusiseme "mkate"? Pwani tuna mkate wa maji na mkate wa kumimina, na yote miwili huanza na rojo. Jina lilikuwa karibu kunishawishi. Lakini mkate wa kumimina ni wa mchele, nazi na hamira, nao unaumuka. Pudini ya rojo haiumuki. Kuumuka ni kazi ya hamira, kazi ya polepole, bakuli limefunikwa kitambaa. Hapa hakuna hamira wala bekingi poda. Kuna mvuke tu. Maji yaliyomo kwenye maziwa na mayai yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na protini za mayai pamoja na gluteni ya ngano huuzuia mvuke huo usitoroke, kisha hukauka zikiwa zimetuna. Kitenzi chake ni "kufura".

Ndiyo maana mafuta lazima yatangulie kupata moto. Tia kijiko kidogo cha mafuta katika kila kishimo cha trei ya keki ndogo, ingiza kwenye oveni ya nyuzi 220 hadi yaanze kutoa moshi mwembamba, ndipo umimine. Rojo likigusa mafuta lilie, na ukingo wake ugande palepale. Likinyamaza, rudisha trei ndani. Vipimo ni vyepesi: mayai, maziwa na unga kwa ujazo ulio sawa, vikiachwa vitulie nusu saa. Siagi huungua kwenye joto hilo. Samli hustahimili vizuri. Na kwa dakika 20 za mwanzo mlango usifunguliwe, hata watoto wakilia njaa, kwa sababu kuta ambazo hazijakauka zitanywea.

Mafuta ya asili yalikuwa yale yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama. Nyama ilizungushwa kwenye ufito wa chuma mbele ya moto, na sufuria ya rojo ikatandikwa chini yake. Mapishi yaliyochapishwa mwaka 1737 yaliita chakula hiki kwa mchuruziko huo. Jina la Yorkshire lilienea kwa kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse cha mwaka 1747. Chakula hiki kililiwa kwanza, na mchuzi, ili nyama kidogo iliyofuata iwatoshe wote. Siku hizo kilikuwa bapa. Urefu ni fahari ya baadaye: mwaka 2008 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitamka kwamba pudini isiyofikia inchi nne haistahili jina hilo.

"Pudini ya rojo" basi ni jina la jamii nzima, na ya Yorkshire ni mmoja wao. Ndugu yake wa Marekani huokwa kwenye vikombe virefu, mara nyingi kwa siagi, na huliwa hata na jamu. Yule mwingine wa Uingereza, mwenye soseji zilizozama kwenye rojo, kwao huitwa chura aliye shimoni. Huyo nitamwandika "pudini ya rojo yenye soseji", na chura abaki kwao.