Jina la Utotoni na Jina la Daftarini: Historia ya Uchaguzi Mgeni

Katika makala haya twakusudia kulichunguza jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo, la nyumbani tu, nalo ni yale majina mawili ya mtoto mchanga: lile la mapenzi aitwalo na watu wa ndani, na lile la heshima litakaloandikwa. Wazazi wengi siku hizi hulitazama jambo hili kuwa ni uchaguzi: ama Chausiku, kwa kuwa mtoto alizaliwa usiku, ama Fatuma, kwa kuwa nyanya yake mzaa baba aliitwa hivyo. Maoni yetu ni kwamba uchaguzi huo ni mgeni. Katika mila za pwani majina hayo hayakushindana, kwa kuwa kila moja lilikuwa na mtoaji wake, wakati wake na kazi yake. Kilichoyashindanisha ni daftari.

Tuanze na mila yenyewe. Mtoto wa Kiswahili alipozaliwa, mzee katika jamaa alimpa jina la utotoni. Jina hilo lilitokana na umbo la mtoto, siku aliyozaliwa, au hali iliyowakuta wazazi wake. Ndiyo maana twawasikia kina Mwanajuma, Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua. Jina la ukubwani lilifuata katika muda usiozidi siku arobaini, likitolewa na wazazi, aghalabu kutoka katika majina ya ukoo na ya dini. Basi jina la kwanza lilikuwa habari, yaani lilieleza mtoto alikuja siku gani na akaikuta nyumba katika hali gani. Jina la pili lilikuwa nasaba, kwani lilieleza nani alimtangulia.

Wala jina la kwanza halikuwa la kuonewa haya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alibeba jina lenye maana ya mtu aliyetoroka. Mgeni angeweza kulidhani ni tusi. Lakini mwenyewe alifundisha Kiswahili mjini Berlin kwa jina hilo hilo, na kwa jina hilo twamsoma mpaka leo.

Yafaa tuulize: kwa nini watu walihitaji majina mawili? Sababu moja ni mauti. Zamani watoto wengi walikufa wachanga, na mama aliyekwisha kuzika alichelea kumpa mwingine jina zuri mapema, lisije likamvutia husuda. Wazo hili si la pwani peke yake. Wajaluo humwita Owiti au Awiti, yaani aliyetupwa, mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Sababu ya pili ni adabu ya ukwe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Sasa mtoto akirithi jina la babu yake, mama atamwitaje? Hapo jina la nyumbani lilikuwa msaada mkubwa: jina la ukoo lilihifadhi heshima ya upande wa baba, na jina la nyumbani likampa mama ulimi wa kumwita mwanawe.

Tusilichanganye jina la utotoni na lakabu ya ukubwani. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja aliyefariki mwaka 1905, alijulikana kote bara kwa jina la Tippu Tip, ambalo yeye mwenyewe aliliegemeza kwenye mlio wa bunduki zake. Lakabu kama hiyo hutolewa na watu wa mbali kwa sababu ya matendo ya mtu. Jina la utotoni hutolewa na watu wa karibu kabla mtu hajatenda lolote.

Sasa tuje kwenye daftari. Nchini Kenya, sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikatekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume akalazimishwa kuchukua kipande chenye jina lake. Mwaka 1928 ikaanza sheria ya kuandikisha vizazi na vifo. Sheria hii ya pili iliacha mlango mdogo wazi: mzazi aliweza kuingiza au kubadili jina la mtoto katika muda wa miaka miwili tangu kuandikishwa. Kwa hiyo hata mtunga sheria alitambua kwamba jina halikamiliki siku ya kuzaliwa. Lakini mila ilipoleta jina la pili, la kwanza halikufutwa. Daftari lilileta la pili mahali pa la kwanza.

Matokeo yake humsumbua kila mtafiti wa historia. Anayemtafuta Jomo Kenyatta katika nyaraka hana budi kujua kwamba Kamau wa Ngengi, Johnstone Kamau na Johnstone Kenyatta ni mtu huyo huyo mmoja. Kwa mtu mkubwa kazi hiyo hufanywa kwa bidii. Lakini wanawake hawakubebeshwa kipande, na wengi wao waliishi na kufa wakijulikana kwa majina ya utotoni tu. Bi Tabu anapofariki, na hati ya shamba inamtaja Halima, watoto wake hulazimika kula kiapo kwamba wawili hao ni mama yao mmoja. Asipokuwapo mzee wa kushuhudia, haki yao huwa mashakani.

Hata hivyo, tusiyasifu majina ya utotoni kupita kiasi. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad, katika kisiwa ambacho utumwa wenyewe haukupigwa marufuku mpaka mwaka 1897. Baadaye alipewa jina la Siti, yaani bibi mheshimiwa, na kwa jina hilo sauti yake ilinaswa kwenye santuri mjini Bombay mwaka 1928. Hakuna atakayemlaumu kwa kuliacha jina la kwanza. Lakini tungelikuwa hatulijui, tusingeutambua urefu wa safari aliyoifanya kutoka Mtumwa hata Siti. Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake alituhifadhia mengi.

Kwa hiyo mzazi anayesimama mbele ya karani haachi mila akiliandika jina la ukoo, wala hamvunjii mtoto heshima akiliandika la nyumbani. Ikiwezekana na ayaandike yote mawili. Isipowezekana, basi liandikwe lile ambalo mtoto ataweza kulibeba shuleni, kazini na mahakamani bila kufedheheka, na lile jingine litiwe katika kumbukumbu za nyumba pamoja na jina la mzee aliyelitoa na sababu yake. Jina la daftarini litatunzwa na serikali. Hilo jingine halina mtunzaji ila jamaa, na wakilinyamazia kwa kizazi kimoja tu, litapotea pamoja na habari ya siku ile mtoto alipopokewa.