Java House: namna mlango mmoja wa Nairobi ulizaa mikahawa makumi, na kile wenye malewa wa Baraka wanaweza kujifunza

Vijana wengi wa Baraka, Fizi-Centre, Mboko na Lulimba wana ndugu Nairobi, Kampala ao Kigali. Mara simu inalia, picha inaingia: ndugu ameketi mezani, mbele yake kuna mkate wa mviringo wenye nyama ndani, chipsi kando, na kikombe kimeandikwa Java House. Kisha maswali yanaanza. Hii kampuni ni ya nani? Ilianza namna gani? Na sisi huku tunaweza kufanya kitu kama hicho? Makala hii inajibu moja moja.

Baga ni chakula gani?

Hambaga, ao baga kwa kifupi, ni nyama ya kusaga iliyotengenezwa kama mkate mdogo bapa, ikakaangwa ao kuchomwa, kisha ikawekwa katikati ya mkate laini pamoja na kitunguu, tomati na majani ya saladi. Si chakula cha ajabu. Hapa kwetu mtu anayekula mkate na nyama ya kuchoma kando ya barabara hayuko mbali nacho.

Kilicho kipya ni namna ya kukiuza. Mwaka 1921, katika mji wa Wichita huko Marekani, ilianza kampuni ya White Castle, iliyouza baga ndogo zenye kipimo kimoja katika nyumba zilizofanana. Mwaka 1948 ndugu wawili wa familia McDonald, kule California, walipunguza orodha ya chakula chao, wakapanga jikoni kama kiwanda: mmoja anachoma nyama, mwingine anakaanga viazi, mwingine anafunga. Baadaye kukaja aina ya katikati, kama Five Guys iliyoanza Virginia mwaka 1986. Hapo unaagiza kaunta, baga inapikwa ukiisha kuagiza, lakini haungoji muda mrefu kama kwenye hoteli kubwa.

Mikahawa mingi yenye jina moja, chakula kimoja na utaratibu mmoja ndiyo watu wa biashara wanaita mnyororo.

Mlango wa kwanza, 1999

Java House haikuanza na baga. Ilianza na kahawa. Mwaka 1999 Wamarekani wawili, Kevin Ashley na Jon Wagner, walifungua duka lao la kwanza mahali panapoitwa Adams Arcade, kando ya Ngong Road, Nairobi. Wakati ule Kenya ilikuwa inauza karibu kahawa yake yote inje, na wenyeji wengi walikunywa chai. Hata sisi wa Kivu tunaijua hali hiyo: mtu analima kahawa maisha yake yote bila kuonja kikombe cha kahawa yake mwenyewe.

Wateja walipokuja kwa kikombe, walitaka pia kula. Orodha ikaongezeka: mayai ya asubuhi, baga na chipsi, vyakula vya namna ya Meksiko, keki, maziwa ya baridi. Kampuni ilikaanga kahawa yake yenyewe. Kutoka mlango ule mmoja, matawi yakaenea katika Nairobi, kisha miji mingine ya Kenya, halafu Uganda na Rwanda. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa na mikahawa karibu 60 katika inchi hizo tatu.

Kundi hilo pia lilizaa majina mengine: 360 Degrees Pizza, Planet Yogurt, na Kukito inayouza kuku na baga kwa haraka. Yaani, badala ya kuweka vyote chini ya paa moja, kila jina lilipewa kazi yake.

Kampuni ni ya nani?

Hapa wengi wanakosea. Wanafikiri mwenye kuanzisha ndiye mwenye mali mpaka leo. Mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Emerging Capital Partners ilinunua sehemu kubwa ya Java House. Mwaka 2017 ikauza kwa Abraaj, kampuni ya Dubai. Mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaanguka, ikaingia mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2019 Actis, yenye makao London, ikachukua usimamizi wa mfuko wa Abraaj uliokuwa na Java House.

Katika mabadiliko hayo yote, mikahawa iliendelea kufungua asubuhi. Mpishi wa tawi fulani hakuhitaji kumjua bwana mpya ili apike baga. Utaratibu ulikuwa umeandikwa, watu walikuwa wamefundishwa. Ingekuwa biashara inayokaa katika kichwa cha mtu mmoja tu, ingekufa siku ile mwenyewe anaondoka.

Vita ya jina

Java House ilipotaka kuandikisha jina lake Uganda, ilikuta kule kuna Café Javas, mikahawa ya wafanyabiashara wa Kampala. Wakapingana, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Uganda. Leo majina yote mawili yanajulikana Kampala, na Café Javas ilipoingia Nairobi ilitumia jina CJ's. Pande zote mbili zilitumia muda na pesa za wanasheria juu ya neno moja tu.

Viazi vinatoka wapi?

Mfano mwingine wa Kenya unatuhusu zaidi sisi wakulima. KFC, kampuni ya Marekani ya kuku wa kukaanga, iliingia Kenya mwaka 2011. Mwezi wa kwanza 2022 ikakosa chipsi, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka inje na meli zilichelewa wakati wa Covid. Wakenya walikasirika sana. Inakuwaje kukosa viazi katika inchi yenye Nyandarua, ambako viazi vinajaa mashambani? Kampuni ikaeleza kwamba kila muuzaji lazima kwanza akubaliwe kulingana na masharti yake ya ubora. Wakulima walikuwa na viazi, lakini hawakuwa katika hiyo orodha.

Na huku kwetu?

Tusidanganyane. Hakuna mnyororo utakaokuja Baraka kesho. Barabara ya Uvira–Baraka inasumbua magari, umeme ni shida, na usalama mdogo katika milima unazuia ng'ombe na viazi kushuka mpaka sokoni. Baridi ya kutunza nyama inadai mafuta ao sola, na yote ni pesa.

Lakini kuna mambo matatu katika historia hii ambayo hayangoji barabara.

La kwanza ni kipimo. Ukipima nyama gramu 100 kila mara, kilo moja inakupa vipande 10. Ukikadiria kwa jicho, leo utapata 8, kesho 11. Ile siku ya 8 umepoteza faida, ile siku ya 11 umepoteza mteja, maana ameona kipande kimekonda. Mzani mdogo unatosha.

La pili ni daftari. Mama mwenye malewa anayejua kwa kichwa tu namna ya kupika sombe ao kukaanga ndagala, akigonjwa wiki moja malewa inafungwa. Akiandika vipimo na kumfundisha msichana mmoja, malewa inaendelea, na siku moja anaweza kufungua ya pili Nundu ao Misisi.

La tatu ni jina. Patente ya kuuza sokoni hailindi jina lako. Biashara ikianza kukua, inafaa kuiandikisha kwenye daftari la biashara linaloitwa RCCM, kabla mwingine hajaandika jina hilo hilo.

Kwa wakulima na wafugaji, fundisho la Nyandarua ni hili: mnunuzi mkubwa anataka kiasi kile kile, ubora ule ule, kila juma. Mkulima mmoja hawezi kumtimizia. Kumi wakijipanga pamoja, wakachagua viazi vya ukubwa mmoja, wanaweza kuanza na hoteli za hapa hapa Baraka, ambazo zinapika chipsi tayari.

Kama una malewa, jaribu mwezi mmoja tu: pima, andika, hesabu jioni. Mwisho wa mwezi daftari lenyewe litakuambia kama biashara yako inaweza kuwa na mlango wa pili.