Nanasi la Futi Nane: Mti Mla Watu wa Bukini na Lugha ya Sayansi

Mnamo Aprili 1874 gazeti la New York World lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na mtafiti Karl Leche kuhusu mti wa Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini. Mti huo, ilisemekana, ulikula binadamu. Shina lake lilifananishwa na nanasi lenye kimo cha futi nane. Kileleni mliningʼinia majani manane makubwa. Watu walioitwa Mkodo waliulisha mwanamke kama kafara.

Barua hiyo ilikuwa uzushi mtupu. Mwaka 1888 jarida la Current Literature lilimtaja mwandishi wa habari Edmund Spencer kuwa ndiye mtunzi wake. Linalomhusu mhakiki, basi, ni namna matini haya yalivyoaminika.

Nguvu yake ya kwanza ni tashbihi. Kwa msomaji wa Ngoingwa, asiye mbali na mashamba ya mananasi ya Thika, nanasi ni tunda la kila siku. Mzushi alihitaji ukawaida huohuo: kisichojulikana kilipimwa kwa kinachojulikana, na kipimo chenyewe kikachukuliwa kuwa ushahidi.

Nguvu ya pili ni ukweli uliokuwa jirani. Bukini ina mmea halisi unaonasa wadudu, Nepenthes madagascariensis, ambao Étienne de Flacourt aliueleza mwaka 1658. Majani yake huunda vikombe vyenye majimaji, wadudu huteleza humo, wakafa na kumeng'enywa. Mwaka 1875, mwaka mmoja tu baada ya barua, Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya mimea ya aina hiyo. Uzushi ulikuza tu kadiri ya mawindo: kutoka inzi hadi mwanadamu.

Hata hivyo, madhara yake hayakuwa ya kibotania. Mwaka 1924 Chase Osborn, aliyewahi kuwa gavana wa Michigan, aliutaja mti huo katika jina la kitabu chake kuhusu Madagaska, ingawa hakuuona. Wakati huo kisiwa kilikuwa koloni la Ufaransa tangu 1896. Willy Ley alipoukanusha mwaka 1955, alionyesha kwamba kabila la Mkodo nalo halikuwapo. Kwa miaka themanini Wamalagasi walikuwa wamesimuliwa kama walishaji wa mti, bila sauti yao kusikika popote katika masimulizi hayo. Uhakiki wa matini ya aina hii hauna budi kuanzia kwenye ukimya huo.